Kwotabeki kaumia na Jumamosi kuna mechi: aanze, apumzike, akae benchi amevaa, au afunge msimu?

Jumatano ya wiki ya mechi hapa Columbus, Ohio, huwezi kununua maziwa bila kuulizwa habari za kifundo cha mguu cha kijana wa miaka 20. Muuza duka anauliza, dereva wa basi anauliza, na sisi Waswahili wachache tunaokutana sebuleni kwangu kila Jumamosi, chapati na chai ya maziwa mezani, tunaulizana yaleyale.

"Kaka, ataanza?"

"Ataanza bwana, nimemwona kwenye video anatembea vizuri."

Anatembea! Mjadala huharibikia hapo kila mwaka. Kutembea kwenda darasani ni kitu kimoja, na kukimbia huku unafukuzwa na jitu la kilo 120 ni kitu kingine kabisa.

Kwa aliyeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani juzi: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila mchezo unapoanza (mchezo ni shambulio moja fupi, si mechi nzima), kisha anaamua autupe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Akiumia yeye, timu nzima inabadilika. Msimu wa kawaida wa chuo una mechi 12 tu, kwa hiyo wiki moja ya mapumziko si kitu kidogo kama kwenye soka letu la mechi 30 na zaidi.

Njia zilizoko mezani ni nne. Kumwanzisha hivyohivyo. Kumpumzisha wiki hii na kumwanzisha wa akiba. Kumvalisha jezi akae benchi kwa dharura. Au kumfungia msimu, atibiwe, arudi mwakani. Kila moja imewahi kuleta kombe na kila moja imewahi kuleta kilio. Ninachobisha ni ile tabia ya kuchagua moja Jumatano halafu kuilinda mpaka Jumapili kama vile hakuna kitakachobadilika katikati.

Jeraha lisilojadiliwa

Kama ni mtikisiko wa ubongo, usinisomee vigezo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, tangu 2010 inadai kila chuo kiwe na mpango wa kushughulikia mitikisiko ya ubongo. Mchezaji aliyegundulika nayo harudi uwanjani siku hiyo. Baada ya hapo anapanda ngazi: mazoezi mepesi, kukimbia, mazoezi bila kugongana, kisha ya kugongana, na dalili zikirejea anashushwa.

Tim Tebow, kwotabeki wa Florida, aligongwa kichwa tarehe 26 Septemba 2009 dhidi ya Kentucky, akalala hospitali. Wiki iliyofuata Florida hawakuwa na mechi. Tarehe 10 Oktoba akacheza ugenini dhidi ya LSU, chuo kikuu cha Louisiana, mjini Baton Rouge, Florida wakashinda 13-3. Watu wanaikumbuka kama hadithi ya ushujaa, mimi naikumbuka kama hadithi ya ratiba. Bila ile wiki tupu, mjadala ungekuwa mbaya sana.

Yanayofuata yanahusu viungo: kifundo, goti, bega, kiwiko, paja.

Vigezo vitano kabla ya kubishana

Jeraha lenyewe. Usiulize "ameumia sana?" Uliza nini kimeumia, upande upi, na kama kucheza nalo kunaongeza maumivu tu au kunaongeza uharibifu. Kifundo kilichoteguka kwa chini, pale pembeni, watu hufunga plasta na kucheza. Kikiteguka kwa juu, pale kano zinapoishikilia pamoja mifupa miwili ya muundi, ni wiki kadhaa, na kila kugeuka ghafla kunaifungua ile sehemu tena. Na kwa mtupaji wa mkono wa kulia, mguu wa kulia ndio unaosukuma na wa kushoto ndio unaotua. Mguu gani umeumia si swali dogo.

Mpinzani ajaye. Hapa washabiki wengi huangalia jina na nafasi ya timu kwenye orodha ya kitaifa, basi. Hiyo haitoshi. Angalia wanavyomfikia kwotabeki: wanatuma watu wanne au sita? Wana vijana wa pembeni wenye kasi wanaomzunguka anayemlinda kwotabeki, au wana majabali ya katikati wanaosukuma tu? Mwenye kifundo kibovu anaweza kustahimili ulinzi unaokaa nyuma na kusubiri, kwa kuwa anapata sekunde tatu za kusimama. Ulinzi unaorusha watu kila mara unamlazimisha kukimbia, na kukimbia ndiko asikokuweza. Timu yenye rekodi mbovu inaweza kuwa na mtu mmoja pembeni anayeelekea NFL, ligi ya kulipwa, na huyo mmoja anatosha kumvunja mtu.

Kalenda. Ni mechi ya ngapi? Wiki ijayo ipo mechi au hamna? Na je, ni ya watani wa jadi? Kwa Ohio State na Michigan mechi ya Novemba ina uzito wa Simba na Yanga, na hesabu za kawaida hazifanyi kazi. Mwaka 1995 Ohio State walikwenda Ann Arbor bila kupoteza hata mechi moja, kijana mzaliwa wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, akawakimbilia yadi 313, Michigan wakashinda 31-23. Wazee wa hapa bado hawapendi kulisikia jina hilo. Mimi huwa nalitamka polepole, herufi kwa herufi, nikitaka kuchokoza.

Kalenda imebadilika pia kwa sababu ya mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa. Kuanzia msimu wa 2014 zilikuwa zinaingia timu nne tu, na kupoteza mechi moja kulikuwa kama kuchezea moto. Tangu msimu wa 2024 zinaingia 12. Ohio State walipoteza mbili msimu huo, moja kwa Oregon kwa pointi moja na nyingine nyumbani kwa Michigan 13-10, na tarehe 20 Januari 2025 wakawa mabingwa kwa kuwafunga Notre Dame 34-23. Kwa hiyo hoja ya "tukipoteza hii tumekwisha" imepungua nguvu mno.

Wa akiba. Amefanya mazoezi na kikosi cha kwanza wiki nzima, au ataambiwa Jumamosi asubuhi?

Kesho ya kijana. Je, anatarajiwa kuchukuliwa na NFL? Amebakiza miaka mingapi ya kucheza? Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Mwili wake ni mtaji wake waziwazi sasa, wala hakuna haja ya kujifanya tunazungumzia mwanafunzi anayecheza kwa mapenzi tu.

Njia ya kwanza: kumwanzisha

Kwa upande wa jeraha, njia hii inafaa pale daktari anaposema ni suala la kuvumilia maumivu. Kidole cha mkono usiotupa, mbavu zilizochubuka, kifundo kilichoteguka kidogo. Ila historia ina watu waliovuka mpaka huo na wakafanikiwa. Deshaun Watson, akiwa mwaka wa kwanza Clemson, aliwakabili South Carolina tarehe 29 Novemba 2014 akiwa na kano ya mbele ya goti iliyokatika, amefungwa kishikizo. Clemson walikuwa wamefungwa na watani wao hao miaka mitano mfululizo. Wakashinda 35-17, na Watson akafunga mwenyewe mara mbili kwa miguu ileile. Halafu ndipo akapasuliwa.

Mfano huo unapendwa sana barazani, lakini utazame vizuri. Jumamosi iliyotangulia, dhidi ya Georgia State, hakucheza kabisa, na wenzake walishinda 28-0 bila yeye. Hakuna aliyemtoa kafara kwa mechi ndogo.

Mpinzani anayeifaa njia hii ni yule ambaye kwotabeki wako anaweza kumpiga akiwa amesimama. Kocha anayemwanzisha majeruhi anatakiwa abadilishe mpango: mipira mifupi, itoke haraka mkononi, wakimbiaji wapewe kazi zaidi. Ukiona Jumamosi anamwanzisha kijana mwenye kifundo kibovu halafu anamwitia michezo ileile ya kukimbia pembeni, una haki ya kuzima televisheni.

Kwa kalenda, inafaa mwisho wa msimu kuliko mwanzo, na kwa watani wa jadi au fainali ya ligi kuliko mgeni aliyelipwa kuja kufungwa. Wa akiba naye anaingia kwenye hesabu kwa sababu uwepo wa aliyeumia humnyima mazoezi. Wiki nzima mipira ya kikosi cha kwanza inagawanywa, na ikitokea bwana mkubwa ameshindwa robo ya kwanza, anayeingia yuko baridi.

Kesho ya kijana ndiyo gharama yake kubwa. Nitairudia chini, kwa sababu mfano wake unastahili nafasi yake mwenyewe.

Inamfaa nani: mwandamizi anayecheza msimu wake wa mwisho, jeraha lisiloongezeka, mpinzani asiyerusha watu wengi, mechi isiyo na marudio.

Njia ya pili: kumpumzisha wiki hii

Ni njia ya watu wenye subira, kwa hiyo washabiki huichukia.

Jeraha: inafaa yale yanayopona kwa siku, si kwa miezi. Msuli wa nyuma ya paja ni mfano bora kwa ubaya wake. Mchezaji anajisikia mzima Alhamisi, anakimbia Jumamosi, unachanika palepale. Wiki moja zaidi mara nyingi huokoa wiki nne.

Mpinzani: hapa ndipo inapong'aa au inapokufa. Ukicheza na timu dhaifu, kumpumzisha hakugharimu kitu. Ukicheza na timu ya kati, nje, kwenye uwanja wenye kelele za watu 90,000, wa akiba anayeanza mara ya kwanza hawezi hata kusikia sauti yake mwenyewe akiita mchezo.

Kalenda: mwalimu wa kalenda ni Alabama ya 2019. Tua Tagovailoa, kwotabeki wao, aliteguka kifundo cha kulia kwa juu tarehe 19 Oktoba dhidi ya Tennessee, akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuikaza ile mifupa miwili kwa uzi imara. Mechi iliyofuata ilikuwa na Arkansas, timu iliyokuwa hoi. Akapumzika, Mac Jones wa akiba akaanza, wakashinda 48-7. Wiki iliyofuata hawakuwa na mechi. Tarehe 9 Novemba akawa uwanjani dhidi ya LSU. Alipoteza mechi, 46-41, lakini alitupa yadi 418 na kutoa mabao manne. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu mtu. Alipumzishwa pale penye unafuu na akacheza pale palipohitajika.

Wa akiba ananufaika kuliko kwenye njia nyingine yoyote. Anajua tangu Jumapili kuwa mechi ni yake. Na siku hizi kuna sababu nyingine ya kumpa mechi: tangu 2018 kuna mfumo wa uhamisho unaomrahisishia mchezaji kuondoka. Kijana anayesugua benchi miaka miwili bila kuguswa, Januari anakuaga.

Kwa kesho ya aliyeumia ni salama, isipokuwa hatari moja ambayo wachezaji wanaijua ingawa hawaisemi: wa akiba anaweza kung'ara. Ukweli huo ndio unaowafanya vijana wengine waseme "niko fiti" huku wanachechemea.

Njia ya tatu: avae, akae benchi kwa dharura

Nitasema wazi kwamba hii ndiyo njia inayonichanganya zaidi, na makocha wanaipenda kwa sababu inawaruhusu wasijibu swali. Mpinzani anatumia wiki nzima kujiandaa kwa makwotabeki wawili.

Mfano wake mtamu ni fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini, ya tarehe 7 Desemba 2024, Atlanta, Georgia dhidi ya Texas. Carson Beck wa Georgia aliumia kiwiko cha mkono wake wa kutupia mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Gunner Stockton, wa akiba, akashika usukani mpaka muda wa ziada. Hapo Stockton akagongwa kiasi kwamba kofia yake ngumu ikaruka, na kanuni inasema mchezaji aliyevuliwa kofia namna hiyo atoke kwa mchezo mmoja. Beck, mkono ukiwa haufai kutupa hata chungwa, akaingia, akapokea mpira, akampa Trevor Etienne, Etienne akafunga. 22-19, Georgia mabingwa. Mchezo mmoja, mpira wa kukabidhi tu, na ulitosha.

Jeraha: njia hii inaruhusu yale ambayo mtu anaweza kukabidhi mpira bila kutupa wala kukimbia. Ila uwe mkweli. Mtu aliyevaa na kusimama pembeni anaitwa. Timu ikiwa nyuma kwa pointi tatu zimebaki dakika nne, mashabiki 100,000 wanaimba jina lake, dharura inatafsiriwa upya.

Mpinzani: inafaa kwa mpinzani ambaye wa akiba wako anatarajiwa kumshinda, huku ukiwa na bima. Haifai dhidi ya timu ambayo unajua kabisa kuwa wa akiba atalemewa. Hapo unajidanganya, umechagua njia ya kwanza kwa kuchelewa, na aliyeumia ataingia bila kupasha misuli vizuri.

Kalenda haina la kusema sana hapa. Wa akiba ndiye mwenye la kusema: wengine hucheza vizuri wakijua kuna mtu nyuma yao, wengine kila kosa wanageuza shingo kutazama benchi. Kocha anamjua kijana wake, na sisi wa kwenye kochi hatumjui.

Kesho ya kijana: Beck alipasuliwa kiwiko mwezi huohuo, Stockton akaanza kwenye mchujo na wakafungwa na Notre Dame 23-10. Msimu uliofuata Beck alikuwa Miami na Stockton alikuwa kwotabeki wa kwanza wa Georgia.

Njia ya nne: kufunga msimu

Jeraha likiwa la kupasuliwa, hii inaacha kuwa chaguo na kuwa kalenda ya hospitali. Tunajadili yale ya katikati, ambayo yangeweza kusubiri.

Kanuni zinahesabika hapa. Kwa utaratibu ulioanza 2018, mchezaji akicheza mechi zisizozidi nne katika msimu anaweza kuuhifadhi mwaka wake wa kucheza, kile kinachoitwa jezi nyekundu. Kuna pia ombi la kurudishiwa mwaka kwa sababu ya jeraha, ambalo linataka aliyeumia awe ameumia nusu ya kwanza ya msimu na asiwe amecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Kwa hiyo kijana aliyeumia mechi ya tatu, na ile ya tano ni ya nguvu, kila wiki anayorudishwa "kwa mechi moja tu" inamkaribisha kwenye mstari wa kupoteza mwaka mzima. Washabiki hawahesabu hili. Mama yake analihesabu.

Mpinzani, kwa njia hii, hana maana. Ndiyo faida yake pekee ya kiakili: hakuna Jumamosi ya kubishana.

Wa akiba ndiye kila kitu, na hapa historia inasema mambo mawili yanayopingana. Ohio State ya 2014 ilimpoteza Braxton Miller, bega, kabla msimu haujaanza. J.T. Barrett akaingia, wakafungwa na Virginia Tech mechi ya pili, kisha akawa nyota, kisha tarehe 29 Novemba, siku ileile Watson alipokuwa akicheza na goti lake bovu, Barrett akavunjika kifundo dhidi ya Michigan. Akabaki Cardale Jones, wa tatu kwenye foleni. Jones akawatandika Wisconsin 59-0, akawafunga Alabama 42-35, akachukua ubingwa kwa kuwafunga Oregon 42-20. Hapa mjini ukisema wa akiba hawezi, watakucheka.

Upande wa pili ni Florida State ya 2023. Jordan Travis alivunjika mguu tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama, timu ambayo hata hivyo waliifunga 58-13. Tate Rodemaker akashika, wakawafunga Florida, halafu naye akapata mtikisiko wa ubongo. Fainali ya ligi yao, ACC, ikachezwa na Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, wakashinda 16-6. Ushindi 13, bila kupoteza, mabingwa wa ligi. Kamati inayochagua timu za mchujo ikawaacha nje ya timu nne, kwa maelezo kwamba bila Travis si timu ileile, ikaichukua Alabama yenye kipigo kimoja. Travis aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimuni, watu wapate kuiona timu bila yeye. Sijasoma sentensi chungu zaidi ya hiyo katika mchezo huu. Wakaenda Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu nje ya mchujo, bila wachezaji wao wengi, Georgia wakawapiga 63-3.

Kesho ya kijana: kwa anayeelekea NFL moja kwa moja, hesabu yaweza kuwa nyepesi. Nick Bosa, mlinzi wa pembeni wa Ohio State, aliumia misuli ya tumbo la chini Septemba 2018. Mwezi uliofuata akaamua kuondoka chuoni akajitibu. Aprili 2019 alichaguliwa wa pili katika drafti nzima, ule utaratibu wa timu za NFL kuchagua wachezaji kwa zamu. Hapa Columbus walikuwapo waliomwita msaliti. Braxton Miller upande wake alirudi 2015 akakuta nafasi ina wenyewe wawili, akawa mpokeaji, na kama mpokeaji akachukuliwa na timu ya NFL ya Houston raundi ya tatu. Kufunga msimu kunaweza kukurudishia mwaka, na nafasi ukaikuta ina mtu.

Nani anaamua, na wewe utajuaje

Tangu 2016 kanuni za ligi kubwa za vyuo zinampa daktari wa timu na mtaalamu wa tiba ya wachezaji neno la mwisho kuhusu kurudi uwanjani. Kocha anayesema "tutaona Jumamosi" mara nyingi anaficha karata.

Karata hizo sasa hazifichiki kama zamani. Big Ten, ligi ya Ohio State na Michigan, tangu 2023 inadai taarifa ya wasiokuwapo saa mbili kabla ya mechi. SEC tangu 2024 inatoa taarifa za mechi za ligi kuanzia katikati ya wiki, na ya mwisho dakika 90 kabla ya kuanza, kwa faini kwa anayeficha. Sababu ni kamari: baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufungua mlango Mei 2018, watu walianza kuwawinda wanafunzi kwa habari za vifundo vya wenzao. Kwa hiyo kabla hujagombana na shemeji yako Jumatano, subiri taarifa. Neno la mashaka, yaani haijulikani kama atacheza, likitolewa Alhamisi na kubaki vilevile Ijumaa, mara nyingi wa akiba ndiye aliyefanya mazoezi.

Kwa hali yako

Kama mpinzani ni dhaifu na wiki ijayo kuna mkubwa: njia ya pili. Usiruhusu mtu akuambie kijana anahitaji "kupata ridhimu". Travis aliumia kwa timu dhaifu akiwa mzima kabisa.

Kama ni watani wa jadi, mwisho wa msimu, na daktari amesema haliongezeki: njia ya kwanza inatetewa, mradi mpango wa mchezo ubadilike. Kama daktari anasitasita, njia ya tatu, lakini kocha aandike kabla ya mechi dharura maana yake nini.

Kama mpinzani ana watu wa pembeni wenye kasi na aliyeumia ni mguu: usimwanzishe, hata kama ni fainali. Kama aliyeumia ni mkono usiotupa, ulinzi huohuo haukutishi vile.

Kama ni mechi ya nne au ya tano na kijana amebakiza miaka: fungua kanuni ya mechi nne kabla ya kufungua mdomo. Njia ya nne yaweza kuwa zawadi.

Kama timu tayari imepoteza mara mbili na mchujo wa 12 bado uko wazi: wa akiba apewe mechi sasa, kwa sababu Desemba utamhitaji mmoja wao akiwa mzima.

Na hali ya mwisho ndiyo niliyoahidi. Tarehe 16 Novemba 2019, wiki moja baada ya LSU, Alabama walikwenda Mississippi State. Hali ya kifundo cha Tagovailoa ilikuwa ya kusubiri hadi saa ya mechi. Akaanza. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu kabla ya mapumziko, Alabama wakiongoza 35-7, Mac Jones akiwa tayari anapasha misuli, wakampa Tagovailoa safu moja zaidi ya mashambulizi. Wawili wakamwangukia, nyonga ikachomoka na mfupa wake ukavunjika. Msimu wake uliishia hapo, ingawa Aprili 2020 timu ya NFL ya Miami bado ilimchagua wa tano.

Kifundo hakikuhusika na nyonga, watu husema, na kweli. Ila katika mwezi mmoja kijana yuleyule alipitia Arkansas, LSU na Mississippi State, na kila mara jibu lilistahili kuwa tofauti. Jibu la Jumatano lilikuwa "anaanza", na pengine lilikuwa sahihi. Kwenye 35-7 lilikuwa swali jipya. Kwa hiyo ukiwa umekaa Jumamosi hii, chapati mkononi, timu yako inaongoza kwa pointi 20 na zaidi na kijana wako mwenye plasta bado yupo uwanjani, tazama benchi. Kama wa akiba bado amekaa na koti begani, hapo ndipo pa kupigia kelele.